Kuni, majiko na bei ya chini: sheria ya ununuzi inakuruhusu kudai nini?

Swali: Mimi ni naibu mwalimu mkuu katika shule ya upili ya bweni ya wasichana, Kaunti ya Kakamega, si mbali na msitu. Kuni tunanunua kwa malori kila muhula, na mwakani tunataka kununua majiko mawili makubwa yanayookoa kuni. Tulipotathmini zabuni za kuni mwezi huu, kamati ilimwongezea pointi mzabuni mmoja kwa sababu anapanda miti. Barua za matokeo bado hazijatoka, lakini aliyetaja bei ya chini amesikia na anasema atakwenda Bodi ya Rufaa, Nairobi. Mwenyekiti wa bodi yetu ya shule naye anasema sheria inataka bei ya chini tu, mambo ya mazingira tuyaachie mashirika ya wafadhili. Nani ana haki? Na mwakani tufanyeje?

Jibu: Mwalimu, nianze na la haraka. Mzabuni huyo akifika mbele ya Bodi ya Rufaa za Ununuzi wa Umma (PPARB) atawashinda, tena bila jasho. Lakini mwenyekiti wenu naye hajaisoma sheria anayoitaja. Sheria ya Kenya inairuhusu shule kununua kwa kujali mazingira, na kwa maoni yangu inaiagiza. Inachokataza ni kuyakumbuka mazingira baada ya bahasha kufunguliwa.

Shule ya umma inafungwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, sawa na wizara au kaunti. Kifungu cha 80 kinasema tathmini ifanywe kwa taratibu na vigezo vilivyowekwa kwenye hati za zabuni. Hakikuacha nafasi ya vigezo vitakavyozuka kikaoni. Ikiwa hati zenu hazikutaja upandaji miti, pointi hizo hazipo, hata kama kamati nzima ilikubaliana. Bodi ya Rufaa huuliza kilichoandikwa. Nia njema ya walimu watatu haiipimi.

Hata mngekitaja kigezo hicho mapema, kingewasumbua. Kifungu hichohicho kinataka vigezo viwe, kadiri iwezekanavyo, vya kuhesabika na visivyotegemea hisia za mtathmini. "Anapanda miti" utakihesabu vipi? Mingapi, wapi, na nani alikwenda kuangalia kama ilishika? Isitoshe, miche aliyopanda kwa mjomba wake haibadilishi chochote katika kuni alizowaletea, ambazo huenda zilikatwa usiku katika msitu uleule mnaotaka kuulinda.

Kwa kuwa barua hazijatoka, mna njia ya kurudi. Mkuu wa kitengo cha ununuzi hutoa maoni ya kitaalamu juu ya ripoti ya tathmini chini ya kifungu cha 84, na hapo ndipo aandike waziwazi kwamba pointi zile hazina msingi katika hati. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye anayewajibika kwa fedha za shule, ana uwezo wa kulikataa pendekezo la kamati akitoa sababu kwa maandishi. Tathmini irudiwe kwa vigezo vilivyochapishwa, visivyoongezwa wala kupunguzwa. Akishinda mwenye bei ya chini, na ashinde. Msikimbilie kuifuta zabuni ili mwanze upya na vigezo vizuri zaidi. Kifungu cha 63 kimeorodhesha sababu za kufuta, na majuto ya kamati hayamo. Zaidi ya hayo, ukifuta lazima uiandikie Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA) ndani ya siku 14 na kuwaeleza wazabuni sababu.

Mkipuuza haya, hesabuni siku. Mzabuni ana siku 14 tangu ajulishwe matokeo kupeleka malalamiko, na katika siku hizo hamruhusiwi kutia saini mkataba. Akishapeleka, ununuzi unasimama, na Bodi ina siku 21 kuamua. Baadaye yeyote asiyeridhika anaweza kwenda Mahakama Kuu. Muda wote huo jikoni mnapikia nini? Swali hilo mwenyekiti atalielewa kuliko vifungu vyote nilivyotaja.

Sasa tuje kwa mwenyekiti. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inaweka maendeleo endelevu miongoni mwa maadili ya taifa yanayomfunga kila afisa wa umma. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 227, ambacho ndicho msingi wa ununuzi wa umma, kinataka mfumo wenye haki, usawa, uwazi, ushindani na unaostahili gharama yake. Kitu kinachostahili gharama yake na kitu cha bei ya chini ni viwili tofauti, kama anavyojua mtu yeyote aliyewahi kununua viatu vya shule mara mbili kwa muhula mmoja. Kisha Sheria ya 2015, kifungu cha 3, inataja kuendeleza viwanda vya ndani, maendeleo endelevu na ulinzi wa mazingira kati ya misingi ya kila ununuzi. Haikusema msingi huo ni wa wafadhili.

Hata hivyo msiende mbele ya Bodi mkiwa na kifungu cha 3 peke yake mkononi. Msingi wa sheria haujazi pengo la hati. Ndiyo maana nasema kazi yote iko kwenye kuandika, wiki nyingi kabla ya tangazo.

Kifungu ambacho watu wengi wa ununuzi hukisoma nusu ni cha 86, kinachosema nani ameshinda. Njia ya kwanza ni bei ya chini iliyotathminiwa, na wengi huishia hapo. Lakini zipo nyingine. Kuna ile ya kuunganisha alama za kitaalamu na za fedha kwa mapendekezo ya huduma za ushauri, kuna ya kazi ambazo ada zake zimepangwa na sheria nyingine, na kuna inayowahusu nyinyi: zabuni yenye gharama ndogo zaidi ya kumiliki. Maana yake unahesabu bei ya kununua pamoja na mafuta au kuni kitakazokula, matengenezo na vipuri kwa miaka utakayokitumia. Kwa jiko la shule hiyo ndiyo hesabu yenye akili, kwa kuwa jiko halimalizi fedha siku unapolinunua. Linazimaliza kila asubuhi uji ukipikwa.

Nichukue mfano, na tarakimu hizi ni za kubuni ili uone hesabu inavyokwenda. Jiko A linauzwa shilingi 400,000, linakula tani 60 za kuni kwa mwaka, na matengenezo yake kwa miaka 5 ni 100,000. Jiko B ni 700,000, linakula tani 45, matengenezo 60,000. Tani ya kuni ikiwa shilingi 4,000, kwa miaka 5 jiko A linafika 1,700,000 na B linafika 1,660,000. B limeshinda ingawa bei yake ya dukani ni kubwa mno. Lakini weka tani kwa shilingi 3,000. A linashuka hadi 1,400,000 na B linakuwa 1,435,000. Mshindi amegeuka, na hakuna mzabuni aliyebadilisha hata senti moja ya bei yake.

Hapo ndipo hatari ilipo. Anayeshika bei ya tani, idadi ya miaka na siku za kupika ndiye anayemshika mshindi. Kwa hiyo dhana zote hizo ziandikwe katika hati ya zabuni: bei ya kuni mtakayotumia katika hesabu, miaka mingapi, wanafunzi wangapi, milo mingapi kwa siku, na fomula yenyewe. Kiasi cha kuni ambacho jiko linakula kitoke kwenye ripoti ya maabara, kisitoke kwenye kipeperushi cha muuzaji. Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda (KIRDI) hupima majiko, na Shirika la Viwango (KEBS) lina kiwango cha KS 1814 kinachohusu majiko ya kuni na makaa. Kila mzabuni alete ripoti ya jaribio la aina moja ili msilinganishe maembe na machungwa.

Sasa kuna mtego ambao nimeona shule nyingi zikiukanyaga. Bidhaa za thamani isiyozidi shilingi milioni 3 zinaweza kununuliwa kwa kotesheni, yaani kuwaomba wauzaji kadhaa wataje bei bila kutangaza zabuni, chini ya Kanuni za 2020 za Sheria hiyo, na majiko yenu mawili bila shaka yako chini ya hapo. Kotesheni ni rahisi na ya haraka. Lakini sheria inasema mshindi wa kotesheni ni mwenye bei ya chini anayetimiza masharti yaliyoombwa. Hesabu ya gharama ya kumiliki haimo katika njia hiyo. Ukiomba kotesheni kisha ukampa B kwa sababu ya kuni atakazookoa, umevunja sheria ukiwa na hoja nzuri kabisa.

Basi mna njia mbili. Ya kwanza ni kutangaza zabuni ya wazi, ambayo ndiyo sheria inayoipendelea na hakuna kiasi kilicho kidogo mno kwake, na humo mtumie gharama ya kumiliki. Ya pili ni kubaki na kotesheni lakini kuhamisha suala la kuni kutoka kwenye alama hadi kwenye sharti la lazima: jiko lisilokula zaidi ya kiasi fulani cha kuni kwa kupika kiasi fulani cha chakula, likithibitishwa na ripoti ya maabara, liwe na bomba la kutoa moshi nje na dhamana ya miaka kadhaa, na muuzaji awe na fundi wa kulitengeneza ndani ya siku mtakazotaja. Asiyetimiza anatoka, na kati ya waliobaki bei ya chini inashinda. Kwa shule ya ukubwa wenu ningechagua hii ya pili. Ni fupi, haihitaji fomula, na ukiulizwa unaonyesha karatasi moja. Na msigawanye ununuzi, jiko moja muhula huu na jingine ule, ili kukwepa njia fulani. Kifungu cha 54 kinakataza.

Kuni nazo zinahitaji masharti ya namna yake, na hapa sitakwenda haraka kwa sababu ndipo fedha zenu zinapovuja.

Mnanunua kwa lori. Lori si kipimo. Kuna lori la tani 7 lililopangwa vizuri na kuna lori lililojaa hewa. Mkihamia kwenye tani mtakutana na tatizo jingine: maji. Kilo moja ya kuni iliyokauka hadi unyevu wa asilimia 20 hutoa joto la megajuli kama 15. Kilo ileile ikiwa mbichi, nusu yake maji, hutoa kama 8, kwa sababu moto unatumika kwanza kuchemsha maji yaliyo ndani ya ukuni. Kwa hiyo aliyewauzia kuni mbichi kwa bei ya chini kwa tani aliwauzia maji, na mvua ya Kakamega inampa maji hayo bure. Wapishi wanalijua hili kuliko kamati. Waulizeni ni siku gani macho huwatoka machozi.

Andikeni basi: kuni zipimwe kwa tani, unyevu usizidi asilimia 20 zinapofika, zikiwa zimepasuliwa kwa urefu na unene mtakaotaja, na lori linalozidi unyevu huo lirudishwe kwa gharama ya mzabuni. Kipima unyevu ni kifaa kidogo cha kushika mkononi chenye sindano mbili na si cha bei ya kutisha. Lipo sharti la kisheria linalounga mkono uandishi wa namna hii. Kifungu cha 60 kinataka mahitaji yaelezwe kwa uwazi na ukamilifu, kwa namna inayoruhusu ushindani, na yazingatie utendaji na gharama za muda wote wa matumizi.

Kuhusu msitu, msiandike "kuni za kijani" wala "kuni rafiki kwa mazingira." Maneno hayo hayapimiki. Andikeni kwamba kila shehena ije na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka Huduma ya Misitu (KFS), pamoja na karatasi inayoonyesha shamba zilikokatwa na jina la mwenye shamba. Taja miti mnayokubali. Mikaratusi ya mashambani ipo tele upande huu, na kanuni za kilimo cha miti za mwaka 2009 zinamtaka mkulima awe na miti kwenye angalau asilimia 10 ya shamba lake, kwa hiyo kumnunulia mkulima hakuendi kinyume na uhifadhi. (Mikaratusi iliyopandwa kingoni mwa mto ni ugomvi mwingine, leo nauacha.) Miti ya asili mwikatae kwa maandishi.

Msichoweza kuandika ni "kuni kutoka Kaunti ya Kakamega pekee." Kifungu cha 60 hakiruhusu kutaja asili maalum, chapa au mzalishaji fulani katika mahitaji, isipokuwa pale ambapo hakuna namna nyingine ya kueleza kinachotakiwa, na hata hapo lazima ukubali kinacholingana nacho. Mtu wa Nandi au Vihiga mwenye kuni kavu na kibali halali ana haki ya kushindana. Kuwafaa wenyeji kuna mlango wake, yaani sehemu ya sheria ya upendeleo na akiba. Humo kila taasisi inatakiwa kutenga angalau asilimia 30 ya ununuzi wake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu waliosajiliwa. Kuni, mboga, maharagwe na sare ni vitu ambavyo kikundi cha akina mama kinaviweza bila mtaji wa kutisha. Tengeni zabuni hiyo kwao tangu kwenye mpango wa ununuzi, mkitangaza hivyo.

Na hapa nina ugomvi na wenzangu wa taaluma. Nimewahi kuona hati ya shule iliyomdai muuza kuni cheti cha ISO 14001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira. Mtu alinakili kutoka hati za kampuni kubwa, akaona amefanya jambo la mazingira. Sharti kama hilo linamtupa nje fundi wa jua kali wa Kibuye, Kisumu, anayetengeneza jiko zuri kabisa, na kumwachia mlango dalali wa Nairobi mwenye karatasi. Maendeleo endelevu yana watu ndani yake. Daini matokeo ya kitu, yaani jiko limepimwa na kuni ni kavu na halali, kisha muwaache wazabuni waonyeshe wanavyoyafikia. Fundi akikosa fedha za kupima jiko peke yake, anaweza kuungana na wenzake, nao muda wa kufanya hivyo wataupata kama mmetangaza mapema.

Masharti yote haya hayana maana bila mtu getini. Kifungu cha 48 kinawapa kamati ya ukaguzi na kupokea. Mara nyingi kamati hiyo ni saini tatu zilizokusanywa ofisini lori likiwa limeshaondoka. Ingizeni mpishi mkuu ndani yake. Wapime vipande kutoka juu, katikati na chini ya shehena, maana kuni kavu hupangwa juu. Waandike namba ya kibali. Muuzaji wa kuni akijua kipimo kinatolewa kila mara, bei atakayotaja mwakani itakuwa ya kuni kavu tangu mwanzo, na yule aliyezoea kuuza maji ataacha kuomba.

Kulipa kwa wakati pia ni sehemu ya jambo hili, ingawa haliandikwi kwenye mabango. Kikundi cha akina mama kikisubiri malipo mihula miwili, kitauza deni lake kwa mwenye mtaji, na mwaka unaofuata mwenye mtaji ndiye atakayeomba. Kifungu cha 140 kinaruhusu riba juu ya malipo yaliyochelewa. Sijaona kikundi kidogo kikiidai, kwa kuogopa kukosa zabuni ijayo.

Kikwazo chenu halisi, nadhani, kitakuwa fungu. Kuni hulipwa kutoka fedha za bweni za kila muhula, na jiko ni mali ya miaka mingi inayohitaji fedha kwa mara moja. Sheria haimruhusu mwalimu mkuu kuanza ununuzi kabla ya kuridhika kwamba fedha zipo kwenye bajeti. Hesabu ya gharama ya kumiliki haiwatafutii pesa. Inawapa tu hoja ya kuipelekea bodi na wazazi ili ziwekwe kwenye bajeti na mpango wa ununuzi kabla mwaka wa fedha haujaanza. Pelekeni risiti zenu za kuni za miaka mitatu iliyopita. Mwenyekiti anayependa bei ya chini atapenda kuziona zikiwa zimejumlishwa.

Majiko ya zamani yasiishie nyuma ya bwalo, wala asipewe mtu. Ni mali ya umma, na kuyaondoa kuna njia zake katika kifungu cha 165: kuyahamishia shule nyingine ya umma, kuyauza kwa zabuni au mnada, au kumrudishia muuzaji kama sehemu ya bei ya mapya. Hii ya mwisho ndiyo ningeijaribu kwenu, kwa sababu fundi wa majiko anajua thamani ya chuma kuliko mnunuzi wa vyuma chakavu. Mkiichagua, ielezeni ndani ya ombi la kotesheni ili kila mzabuni ataje atakachotoa kwa majiko hayo.